Skrubu ipi uifunge kwenye CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) uliyoiunda mwenyewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Wanaouliza ni maseremala wa Mtwara mjini na Mikindani, vijana waliotoka vyuo vya ufundi, wachongaji wa Newala na Masasi wanaotaka mashine iwapunguzie kazi ya mwanzo kwenye mpingo, na mafundi milango wa Lindi. Mashine zao zinafanana: fremu ya bomba la mraba au MDF, kibodi kidogo cha Arduino Uno chenye GRBL (programu inayoongoza mota), mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua), rauta ya mkono iliyofungwa kwenye daraja linalosogea juu ya meza, na thredi rodi ya hadwea, ile yenye uzi kama wa boliti, ikiwa ndiyo skrubu inayoendesha kila upande. Sasa wanataka kuziboresha na hawajui waanzie wapi. Vipimo vyote hapa ni milimita, isipokuwa pale panapotajwa kingine.

Thredi rodi ina ubaya gani? Mbona mashine yangu inatembea nayo vizuri tu?

Inatembea, ndiyo. Lakini ile rodi ilitengenezwa ibane vitu visifunguke. Uzi wake una umbo la V la digrii 60, na msuguano wake mkubwa ndio unaoifanya nati ikae ilipokazwa. Wewe unaitaka iteleze kutwa nzima. Sehemu kubwa ya nguvu ya mota inaishia kwenye kusugua, na baada ya miezi michache nati imelika.

Hata hivyo, kwa mtu wa mbao ubaya mkubwa ni mwendo wa kinyonga. Rodi ya M8, yaani yenye unene wa 8, inaisogeza nati 1.25 kwa kila mzunguko. Mota ya stepa ikizunguka mara 600 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida isiyoichosha, unapata 750 kwa dakika. Sasa tazama upande wa biti. Biti ya meno mawili inayozunguka mara 18,000 kwa dakika, ukitaka kila jino ling'ate 0.05 tu, inahitaji mashine isogee 1,800 kwa dakika. Wewe unaipa 750, yaani kila jino linapata 0.02. Hapo jino halikati tena, linasugua. Mninga unatoa moshi, kingo zinakuwa nyeusi, biti inapoteza makali kabla ya chakula cha mchana. Kwenye mpingo ndio usiseme, maana ule ni mti mzito hadi unazama majini. Halafu fundi anakuja kulalamika kwamba biti za siku hizi ni feki.

Unaweza kupunguza mzunguko wa rauta kama ina kidhibiti, na inasaidia, lakini rauta nyingi za mkono zikishushwa sana zinapoteza nguvu.

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hawakifahamu. GRBL kwenye Uno inatoa stepu zisizozidi 30,000 kwa sekunde. Ukiwa na M8, mota ya stepu 200 kwa mzunguko, na draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) iliyowekwa mikrostepu 16, yaani kila stepu imegawanywa mara 16, kila milimita inakula stepu 2,560. Gawanya: hupiti 700 kwa dakika hata ukifunga mota kubwa kiasi gani.

Nitajuaje kwamba tatizo ni skrubu na si kitu kingine?

Swali hili lingetangulia mengine yote, kwa sababu wapo walionunua skrubu za bei kubwa wakazifunga kwenye fremu inayoyumba.

Kata duara la kipenyo cha 50 kwenye kipande cha MDF, kina kidogo, halafu likague vizuri. Nati ikiwa inacheza, duara linakuwa na mabapa manne madogo, juu, chini, kushoto na kulia, pale ambapo mhimili mmoja unageuza uelekeo. Pitisha kucha ukingoni, utayahisi. Duara likiwa limevutika kama yai kwenye pembe ya mshazari, uwezekano mkubwa ni kwamba daraja halikai mraba na reli, na skrubu mpya haitalinyoosha. Na kazi ikianza vizuri kisha ikahama yote upande mmoja, mota inapoteza stepu: kasi ni kubwa mno, au kuna mahali skrubu inakwama.

Kisha washa mota ili zishike. Weka saa ya kupimia, ile yenye sumaku, igusane na daraja. Sukuma daraja kwa mkono, kisha livute. Tuseme saa inaonyesha 0.4. Hamisha saa uigusishe kwenye nati yenyewe, urudie. Kama nati inasogea 0.05 tu na daraja 0.4, basi 0.35 iko kwenye kishikio cha nati au kwenye fremu. Kama nati na daraja vinasogea sawa, hamishia saa kwenye ncha ya skrubu. Skrubu nzima ikienda mbele na nyuma, tatizo ni beringi au kapulingi, kile kiungo cha mota na skrubu. Ikiwa skrubu imetulia na nati inacheza juu yake, hapo ndipo una haki ya kutoa pesa mfukoni kwa ajili ya skrubu na nati.

Saa hiyo huna? Azima kwa fundi wa kukereza. Wengi wanayo.

Naona zimeandikwa Tr8x8, Tr8x2, nyingine T8 tu. Zina tofauti gani?

Tr maana yake uzi wa trapeza, wenye mbavu za digrii 30 na kichwa bapa. Namba ya kwanza ni unene. Namba ya pili ni mwendo, yaani umbali ambao nati inasogea kwa mzunguko mmoja. T8 tu inakutajia unene bila mwendo. Pichi ni jambo jingine: ni umbali kutoka uzi mmoja hadi unaoufuata. Tr8x8 ina pichi ya 2 lakini mwendo wa 8, kwa sababu ina nyuzi nne zinazokwenda pamoja. Tr8x2 ina uzi mmoja.

Ukiziweka mezani zinafanana, na nati zake zinafanana kabisa kwa nje. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Angalia ncha iliyokatwa ya rodi, uhesabu midomo ya nyuzi inayoanzia pale: mmoja, miwili au minne. Au weka alama ya kalamu kwenye nati, izungushe mara moja kamili, upime kwa vernia imesogea kiasi gani. Fanya hivyo dukani kabla hujalipa. Nati ya Tr8x8 haiingii kwenye Tr8x2, na hakuna wa kukurudishia nauli.

Basi nichague mwendo gani?

Anza na kasi unayoitaka kwenye mbao, urudi nyuma hadi kwenye skrubu. Ukichukulia mota kwa mizunguko 600 kwa dakika, hali ni hii (kwenye skrubu ya gololi, ambayo nati yake ina gololi ndani, namba mbili za mwanzo ni unene na mbili za mwisho ni mwendo):

M8 ya hadwea: 750 kwa dakika
Tr8x2: 1,200
Skrubu ya gololi 1204: 2,400
Skrubu ya gololi 1605: 3,000
Tr8x8: 4,800
Skrubu ya gololi 1610: 6,000

Usikimbilie mstari wa mwisho. Mwendo mkubwa unakula nguvu: mota ileile inasukuma kwa nguvu inayokaribia nusu ukiongeza mwendo mara mbili. Tr8x8 yenye mota ndogo ya Nema 17 inakimbia vizuri ikiwa tupu, ikiingia kwenye mvule kwa kina kikubwa inasimama na kuanza kugonga. Na kila stepu inakuwa ndefu zaidi. Mota ya stepu 200 inakupa 0.04 kwa stepu nzima kwenye Tr8x8, na 0.025 kwenye 1605. Kwa mbao zote mbili zinatosha.

Maoni yangu, kwa mtu mwenye meza ya 600 kwa 900 anayechonga milango midogo, vibao vya majina na samani: 1605 yenye Nema 23, mota kubwa kuliko Nema 17, kwenye X na Y (pande mbili za meza), basi. Kwa mwenye meza ndogo ya 300 kwa 400 na mota za Nema 17, Tr8x8 yenye nati nzuri inamtosha, na pesa inayobaki ainunulie biti. Mchongaji wa mpingo anayefanya kazi ndogo kwa kina kidogo anaweza kuishi na Tr8x4: inakwenda taratibu kuliko Tr8x8 lakini inasukuma kwa nguvu zaidi. Tr8x2 naipendekeza kwa Z, yaani kupanda na kushuka kwa rauta, peke yake.

Si bora ninunue nene kabisa nisahau?

Unene unasaidia jambo moja hasa, nalo ni kupiga mawimbi. Skrubu ndefu na nyembamba ikizungushwa kwa kasi inajikunja katikati na kupiga kama kamba ya kuruka watoto. Mashine inanguruma, kazi inatoka na mistari ya mawimbi, na beringi zinaumia.

Kasi ambayo usiivuke unaweza kuikadiria mwenyewe. Chukua kipenyo cha ndani cha skrubu, yaani chini ya uzi, ukigawanye kwa urefu kati ya beringi uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa milioni kumi. Jibu lizidishe kwa 9.7 kama ncha zote mbili zimeshikiliwa na beringi za kawaida, au kwa 15.1 kama ncha moja imebanwa kwa beringi mbili zilizokazwa pamoja. Unapata mizunguko kwa dakika, na nafasi ya usalama imeshaingizwa humo.

Tr8 ina kipenyo cha ndani cha karibu 5.5. Ikiwa na urefu wa mita moja na beringi za kawaida, haipaswi kuvuka mizunguko 530 kwa dakika. Kwa Tr8x2 hiyo ni karibu 1,060 kwa dakika, kobe mtupu. Tr8x8 kwa urefu huohuo inafika 4,200, kwa sababu haihitaji kuzunguka sana. Ikate rodi hiyo iwe nusu mita na kikomo kinapanda mara nne. Skrubu ya 16 yenye kipenyo cha ndani cha karibu 13, ncha moja ikiwa imebanwa, kwa mita moja inaruhusu kama mizunguko 1,900, zaidi ya unavyoihitaji.

Kwa hiyo urefu ndio unaoamua unene. Chini ya nusu mita, milimita 8 zinavumilika. Kuanzia hapo hadi mita moja chukua 12 au 16. Na unene una gharama yake: skrubu nzito inaisumbua mota kila inapoanza na kusimama, kwa hiyo 25 kwenye meza ya mita moja ni kujitafutia mzigo.

Skrubu ya gololi ni lazima? Bei yake imenishtua.

Si lazima. Ila ujue unacholipia. Ndani ya nati yake kuna mstari wa gololi ndogo zinazozunguka na kurudi, kwa hiyo chuma hakisuguani na chuma. Karibu asilimia 90 ya nguvu ya mota inafika kwenye daraja. Ukiwa na skrubu ya trapeza unapoteza nusu au zaidi kidogo, kutegemea mwendo na mafuta.

Zile za bei ya kawaida kutoka China zimeandikwa C7. Maana yake kosa la urefu ni karibu 0.05 katika kila 300. Kwa mlango hilo huoni hata ukivaa miwani. Kwa gia za chuma au ukungu wa alumini, utaliona.

Ukienda kukata alumini, gololi ni bora kwa sababu nyingine pia. Kwenye alumini unapenda biti ikate kwa kufuata mzunguko wake ili uso utoke laini, na biti ikikata hivyo inavuta meza kuielekea. Nati inayocheza inairuhusu meza iruke mbele, na biti inakatika. Kwa kazi ya mbao laini unaweza kukata kinyume na ukaishi.

Kuna nati za plastiki, za shaba ya njano, na zenye springi. Nichukue ipi?

Zile za shaba ya njano zinazokuja bure na rodi ya Tr8 ni za kuanzia tu. Zinacheza tangu zikiwa mpya. Nati mbili zenye springi katikati zinaondoa mchezo kwa mzigo mdogo, lakini mzigo ukizidi nguvu ya springi, springi inabonyea na mchezo unarudi palepale. Kwa rauta nzito springi hizo ni nyepesi mno.

Ninayoipenda ni nati ya plastiki ngumu ya POM, ile nyeupe au nyeusi inayochongwa ikawa na mpasuko na skrubu ndogo ya kukazia. Inateleza vizuri, haihitaji grisi nyingi, ikilika unaikaza robo mzunguko.

Unaweza pia kujitengenezea. Unachukua vipande viwili vya POM, unapasha moto kipande cha rodi ileile, unakibana katikati ya vipande hivyo kwenye jiliwa hadi plastiki iyeyuke na kufuata uzi, unaacha kipoe kikiwa kimebanwa. Unapata nati inayokaa kama ilizaliwa pale. Fanya nje penye upepo: POM ikizidi moto inatoa moshi unaochoma macho na kifua, na usiikaribie na moto wa wazi.

Skrubu mpya nimeifunga, bado inacheza. Kwa nini?

Beringi na kapulingi. Watu wanatumia pesa yote kwenye skrubu kisha wanaiacha ining'inie kwenye mota. Beringi za ndani ya mota ya stepa hazikuundwa kubeba msukumo wa mbele na nyuma. Shafti inatembea kidogo ndani yake, na huo ndio mchezo wako.

Kapulingi ya alumini iliyochanwa kwa duara ndiyo kosa la pili. Ile ni springi. Ukiivuta inarefuka, na ikibeba msukumo wa mhimili mzima inakatika. Tumia yenye taya mbili na mpira katikati, na usiitegemee ishike skrubu isitembee. Kazi yake ni kuzungusha tu.

Kwa 1605 unanunua BK12 upande wa mota na BF12 upande wa pili. Kwa 1204 ni BK10 na BF10. BK ndani yake ina beringi za kubeba msukumo na nati ya kukazia. BF inaiacha ncha ya pili iteleze, na hilo ni la maana kwenye karakana ya bati hapa kwetu. Skrubu ya mita moja ikipata joto la digrii 15 zaidi ya asubuhi inarefuka karibu 0.17. Ukiibana kote kwenye fremu ya mbao, ambayo hairefuki nayo, itajikunja.

Kwa rodi ya 8 huna haja ya kutumia pesa hizo. Beringi mbili za 608, zile za tundu la 8 zinazotumika kwenye viatu vya magurudumu, zifunge upande huu na upande huu wa bamba la chuma, weka nati na nati ya kufungia, ukaze hadi mchezo uishe lakini skrubu bado izunguke kwa vidole viwili.

Inakwama katikati au mwishoni. Niongeze mota?

Hapana. Skrubu na reli havilingani. Legeza boliti za kishikio cha nati, sukuma daraja hadi karibu na beringi ya mota, kaza boliti zikiwa hapo. Lirudishe daraja upande wa pili na usikilize kama linakuwa zito. Likiwa zito, ni beringi ya upande huo inayotakiwa kuinuliwa au kusogezwa. Weka kipande chembamba cha bati chini yake. Rudia hadi skrubu izungushwe kwa mkono bila kubadilika uzito kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya nusu siku na inachosha, lakini hakuna mota inayoifanya badala yako.

Umeme ukikatika rauta inashuka yenyewe na kutoboa kazi. Nifanyeje?

Hii inawapata waliofunga gololi au Tr8x8 kwenye Z. Vitu vinavyoteleza vizuri kwenda vinateleza vizuri kurudi, na mota isiyo na umeme haishiki kitu. Suluhisho rahisi ni Tr8x2 kwenye Z, kwa sababu mwendo wake mdogo unajifunga wenyewe. Z haihitaji kasi kubwa hata hivyo. Ukitaka gololi kwenye Z, weka springi ya gesi au uzito wa kupingana unaokaribia uzito wa rauta, au mota yenye breki.

Na kumbuka: umeme ukirudi, GRBL haijui rauta ilipo. Weka swichi za kikomo ili mashine itafute mwanzo wake yenyewe kabla ya kuendelea.

Naweza kutumia skrubu ya jeki ya gari?

Unaweza kutengenezea jiliwa. Kwa CNC, hapana. Uzi wake ni mkwaruzo mtupu na ni mfupi. Swali hili huja kila mara, na anayeuliza huwa tayari amekwishanunua jeki.

Fundi wa kukereza wa hapa Mtwara anaweza kunichongea skrubu nzima?

Fundi mzuri anaweza kukata uzi wa trapeza kama Tr16x4 kwenye shafti. Shida ni urefu: shafti nyembamba ya mita moja inajikunja mbele ya kisu, na uzi unatoka mnene katikati kuliko pembeni. Shida nyingine ni nati, maana uzi wa ndani unataka tapu ya saizi hiyo, na kuipata si rahisi. Nunua rodi iliyokwisha kuviringishwa uzi kiwandani, umpe fundi achonge ncha tu. Hapo pesa yako na muda wake vinakwenda mahali pake.

Kwa skrubu ya gololi mwambie mapema kwamba uso umekaushwa ukawa mgumu sana. Kisu cha kawaida cha HSS kitalia na kuungua. Anahitaji kisu cha kabaidi. Ni rahisi zaidi kuagiza ikiwa na ncha zilizochongwa tayari kwa BK na BF, mradi umempa muuzaji urefu sahihi. Pima mara mbili. Urefu wa skrubu si urefu wa kazi: toa nati, toa beringi, toa unene wa daraja, na mita moja inabaki karibu 800 za kukata.

Chumvi ya bahari inaziharibu?

Inaziharibu, na kwa mafundi wa Shangani, Mikindani au Lindi mjini karibu na maji ni jambo la wiki chache. Skrubu ya gololi ya kawaida si stenlesi. Ikikaa bila mafuta wakati upepo unatoka baharini, vidoa vyekundu vinaanza kati ya nyuzi, na gololi zikipita juu yake zinabeba ile kutu ndani ya nati. Ukiisikia inakwaruza, umechelewa. Rodi nyingi za Tr8 zinauzwa kama stenlesi na zinastahimili zaidi.

Kwa vumbi la mbao usipake grisi nene juu ya skrubu iliyo wazi. Grisi na unga wa mninga vinageuka msasa. Futa kwa kitambaa, paka oili nyepesi, kidogo na mara kwa mara. Grisi iweke ndani ya nati ya gololi kupitia tundu lake. Anayekata kila siku afunike skrubu kwa mkunjo wa ngozi bandia kama ule wa akodiani, ambao fundi viatu yeyote anaweza kuushona, au aweke brashi mbili ndogo mbele na nyuma ya nati. Msimu wa kusubiri kazi, mashine ikiwa imesimama, paka oili zaidi na uifunike.

Nataka meza ya kuingiza ubao wa futi 8 kwa 4. Skrubu ya urefu gani?

Kwenye upande wa 2,440, usiweke skrubu inayozunguka. Skrubu ya 1605 ya urefu wa mita 2.4, hata ncha moja ikiwa imebanwa vizuri, haipaswi kuvuka mizunguko 340 kwa dakika, yaani 1,700 kwa dakika ya mwendo. Hata ile 1,800 ya mfano wetu wa biti huifikii. 2510 inafika kama mita 5 kwa dakika, lakini uzito wake na bei yake vinakatisha tamaa.

Upande huo mrefu weka reki na pinioni, yaani gia inayotembea juu ya chuma chenye meno, pande zote mbili. Upande wa 1,220 weka 1610 au 2010. Z ni kama tulivyosema. Mlango wa kawaida wa urefu wa 2,100 unaangukia kwenye jibu hilihili.

Daraja langu ni pana. Skrubu moja katikati au mbili pembeni?

Hadi upana wa karibu 500 na reli imara, moja katikati inatosha. Zaidi ya hapo weka mbili, kila moja na mota yake. Zote mbili ziwe za aina moja na toleo moja la kiwanda, maana skrubu ya C7 ya leo na ya mwaka jana hazifanani kwa kila 300, na tofauti hiyo inalipinda daraja polepole.

Nilitoa nati ya gololi kuisafisha, gololi zikamwagika chini.

Fagia, hesabu, osha kwa petroli au mafuta ya taa. Kwenye nati ya 1605 ni gololi za 3.175, na zikipungua kadhaa usichanganye za saizi nyingine. Zipange kwa grisi nzito na kibanzi cha mbao kwenye njia zake. Siku nyingine, nati haitoki kwenye skrubu bila kuhamia moja kwa moja juu ya kipande cha bomba la plastiki chenye unene wa kipenyo cha ndani cha skrubu. Muuzaji makini huileta tayari ikiwa juu ya bomba kama hilo. Usilitupe.

Niagize wapi, na nini cha akiba?

Rodi za Tr8, beringi na kapulingi zinapatikana Dar, Kariakoo na Gerezani, na kwa kawaida zinakuja Mtwara kwa basi. Skrubu za gololi wengi wanaagiza China kupitia mawakala wa mizigo. Sisitiza ifungwe ndani ya bomba la plastiki au sanduku la mbao. Skrubu ya mita moja iliyofungwa kwa karatasi inafika imepinda, na kuinyoosha ni kazi bure. Iviringishe juu ya kioo cha dirisha kabla ya kusaini risiti.

Akiba: nati moja kwa kila aina ya skrubu, mipira ya kapulingi, na beringi mbili. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara ya Dar maeneo ya Kilwa, aliyekuwa na nati moja iliyolika alisubiri hadi njia ifunguke.

Nikishafunga, nibadilishe nini kwenye GRBL?

Stepu kwa milimita, yaani $100 kwa X, $101 kwa Y na $102 kwa Z. Zidisha stepu 200 za mota kwa mikrostepu ya draiva, ugawanye kwa mwendo wa skrubu. Kwa mikrostepu 8 ni 1,600: kwenye 1605 unapata 320, kwenye Tr8x8 ni 200, kwenye Tr8x2 ni 800. Ukitoa M8 ukafunga 1605 na kusahau hapa, ukiiamuru isogee 100 itasogea 400, na itagonga mwisho wa meza.

Kisha shusha kasi ya juu kwenye $110 hadi $112 na uharakishaji kwenye $120 hadi $122, uanze chini, upandishe kidogo kidogo hadi mota ianze kupoteza stepu, halafu urudi chini kwa theluthi moja. Hakiki kwa rula ndefu ya chuma, si kwa vernia ya 150: sogeza 500, ukifika kila mara kutoka upande uleule, na usahihishe $100 kwa tofauti utakayoiona. GRBL ya kawaida haina sehemu ya kufidia mchezo wa nati. Programu nyingine, LinuxCNC na Mach3, zinayo, lakini inafaa kwa mchezo mdogo tu, na nati iliyolika haifichiki humo.